Hapo Pana Mtu

Kwa watu wengi waliohudhuria mikutano ile, Mkalimani alikuwa mikono tu. Alisimama pembeni mwa jukwaa akiwa na gauni jeusi la mikono mirefu lililofunga hadi shingoni, akitafsiri kwa lugha ya alama, na mikono yake ikitembea mbele ya weusi ule kama viumbe wawili wasio na mwenyewe. Nilikuwa naripoti habari za mikutano na semina mjini Mwanza, kwa hiyo nilimwona mara nyingi kuliko nilivyowaona baadhi ya ndugu zangu. Hata hivyo ilinichukua muda kugundua kwamba hakuwa anautazama ukumbi. Alikuwa anatazama kiti kimoja.

Kilikuwa kiti cha plastiki kama vingine, kimevalishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe wa bluu mgongoni. Kilikaa pembeni, karibu na ukuta wa upande wa ziwa, mahali ambapo nguzo haimzuii mtu kuona jukwaa. Alikichagua mwenyewe kabla watu hawajaingia. Alisimama jukwaani akapima kwa macho, akashuka, akakisogeza kidogo, akarudi kupima tena. Mtu akitaka kukikalia alimwambia kwa upole, "Hapo pana mtu."

"Yuko wapi?"

"Bado hajafika."

Alichokuwa anakitaka kilikuwa kidogo: siku mwenye kiti atakapofika, akikute kinamsubiri, na mbele yake awepo mtu wa kumwambia kinachosemwa. Kwa miaka yote niliyomjua sikumwona akipigania kitu kingine.

Mikutano mingi ilikuwa ya taasisi moja ya bima yenye jengo la ghorofa pale Nyamagana. Sheria ya watu wenye ulemavu inataka majengo kama lile yafikike na taarifa zimfikie kila mtu, na miongozo ya ukanda wetu inasema hivyohivyo. Taasisi haikuwa kaidi. Ilitekeleza kila ilichoambiwa. Ilijenga njia ya mteremko kwa ajili ya viti mwendo, ikaipamba kwa vigae vinavyong'aa, na watu walipoanza kuteleza ikapanga vyungu vya maua katikati ili wasipite. Ilitenga choo maalumu, kikawa kinatunza fagio na ndoo. Mlangoni ilibandika kibao cha nukta nundu, yale maandishi wasioona wanayoyasoma kwa vidole, ikakifunika kwa kioo.

Afisa Utawala, mtu mcheshi ambaye kicheko chake kilikuwa kikifika kabla ya mwisho wa sentensi, alinionyesha kibao hicho kwa fahari. "Vumbi la mji huu unalijua mwenyewe, mwandishi. Bila kioo yangefutika haya."

Mkalimani alikuwa nyuma yetu. Alipitisha kidole juu ya kioo taratibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mstari.

"Kweli," alisema. "Hayatafutika kamwe."

Na mkutano ukikaribia, gari la matangazo lilizunguka Mabatini, likapanda Ilemela, spika zikiwa juu ya paa, likitangaza kwamba safari hii ndugu zetu viziwi wasikose, mkalimani yupo. Mkalimani alikwenda ofisini kwa Afisa Utawala kumweleza tatizo la tangazo la namna hiyo. Afisa alimsikiliza kwa makini na kumshukuru sana. Mkutano uliofuata waliongeza sauti.

Ndiyo maana kiti kilibaki kitupu. Na ndiyo maana yeye aliendelea, asubuhi hadi jioni, kumweleza asiyekuwepo habari za mafao, michango na mirathi, kwa uso unaobadilika kama wa mtu anayezungumza na rafiki.

Nje ya ukumbi alikuwa mwingine kabisa. Ungedhani mtu anayefanya kazi kimyakimya anaupenda ukimya, kumbe aliuchukia. Aliongea na muuza mahindi, na dereva wa bajaji, na wale korongo wenye vichwa vya upara wanaosimama juu ya jalala kama wazee wa baraza. "Na wewe unamsubiri nani?" alimwuliza korongo mmoja, akasimama kungoja jibu. Ndege yule alimgeuzia jicho. Sote wawili tulikaa tukimngoja, na mimi sikujua ninangoja nini.

Nyumbani kwake, chumba na sebule kwenye kilima cha mawe kule Ilemela, redio haikuzimwa hata akilala. Majirani walilalamika mpaka wakachoka. Kwaya ya kanisani walimweka safu ya nyuma kwa sababu sauti yake ilikuwa inajiendea njia yake, lakini hakukosa zoezi.

Mikono aliitunza. Aliipaka mafuta ya mgando, hakuvaa pete, hakupaka kucha rangi. Ukimwamkia "Shikamoo" alikuitikia "Marahaba" na kukupa kiwiko badala ya kiganja. Akila, mkono wa kushoto aliulaza mapajani, kiganja kikiangalia juu. "Unapumzika," alisema, kama vile mkono ule ni abiria wake. Lakini nilimkuta siku moja akifua mablanketi kwa sabuni ya kipande juu ya mawe, akiyapiga kwa nguvu zote, na kucha zimejaa povu chafu. Nilimkumbusha jinsi anavyoitunza ile mikono.

"Sasa mablanketi yajifue?" aliuliza.

Alipenda ukae kushoto kwake. Mkitembea, ukijisahau ukaenda kulia kwake, alikuzunguka bila neno, kama anayekwepa dimbwi. Nilidhani ni imani tu ya mtu, sikuuliza.

Habari za kile kiti zilianza kusambaa siku alipokikalia mfanyabiashara mmoja wa nyavu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti, aliyefika amechelewa na ukumbi umejaa. Alikwenda moja kwa moja pale.

"Baba, hapo pana mtu," Mkalimani alimwambia kutoka jukwaani.

"Mama, mimi naona kitambaa tu."

"Bado hajafika."

"Akifika nitampakata."

Ukumbi uliangua kicheko. Akakaa. Mkalimani hakubishana naye tena. Alimtazama machoni, akaanza kumtafsiria. Hotuba nzima aliielekeza kwake, bila kupepesa, vidole vikifunguka na kufunga mbele ya kifua, uso ukiuliza, ukionya, ukisikitika. Yule bwana alitabasamu mwanzoni. Baadaye alianza kujifuta shingo. Kabla ya chai alikuwa amehamia kwenye ngazi za nje, ambako nilimkuta amekaa ameikodolea macho mikono yake mwenyewe.

"Yule mama alikuwa ananiambia kitu," alisema.

"Alikuwa anatafsiri hotuba."

"Hotuba ilikuwa ya mafao. Mimi nilikuwa naambiwa jambo jingine. Sijui ni nini, mwandishi, lakini nilikuwa naambiwa mimi."

Baada yake hakuna aliyejaribu kukikalia. Afisa Utawala ndiye aliyejaribu kukiondoa, siku ambayo wageni walikuja wengi na viti havikutosha. Aliwaagiza wahudumu wakibebe hadi meza kuu. Mkalimani alishusha mikono. Hakupiga kelele wala hakuondoka jukwaani. Aliiacha tu ikining'inia. Mzungumzaji aliendelea kidogo, sauti ikapungua, akageuka kumtazama, kisha ukumbi wote ukamtazama, na kwa muda kilichosikika kilikuwa feni tu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akiitegemea mikono ile. Lakini iliposimama tulijisikia kama watu waliokatiwa umeme.

"Kirudisheni," Afisa alisema. Safari hii hakucheka.

Kisha yalikuja maswali.

La kwanza lilikuja siku ambayo mkurugenzi aligeukia picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani, akaendelea kuongea huku ametupa mgongo. Mikono ya Mkalimani ilisimama hewani. Aliinamisha kichwa kuelekea kwenye kiti, kama mtu anayesikilizia mlango, akatikisa kichwa kukubali.

"Mheshimiwa, samahani. Kuna swali."

"La nani?"

"Kutoka pale."

Tuligeuka wote. Kitambaa cheupe, utepe wa bluu, na nyuma yake mwanga wa ziwa ukicheza ukutani.

"Anauliza kama unaweza kurudia ulichosema mwisho. Hakukipata."

Mkurugenzi alikitazama kile kiti. Kisha akasema, kwa adabu kamili, "Samahani sana," akageuka, akarudia polepole na kwa ufasaha kuliko mara ya kwanza.

Tangu hapo hapakuwa na mkutano bila swali kutoka pale. Mara nyingi lilikuwa ombi la kurudia, mara moja moja lilikuwa kubwa zaidi. Watu walipunguza kucheka. Niliwaona wazungumzaji wakianza kukitupia macho kiti kabla ya kuendelea, kuhakikisha. Afisa Utawala alifurahi kupita wote, maana wakaguzi walipouliza kama watu wasiosikia wanashiriki, alijibu kwamba siyo tu wanashiriki, wanauliza maswali kushinda wengine.

Siku moja tu alikuja kiziwi kwelikweli. Alikuwa fundi viatu wa Mabatini ambaye Mkalimani alimfuata mwenyewe kibandani na kumweleza kwa mikono siku na mahali. Alivaa shati la kanisani, akaja. Mlinzi wa getini alimwita kutoka nyuma, asimame akaguliwe. Hakusimama. Mlinzi akaita tena kwa ukali, naye akazidi kutembea, basi wakamkamata kama mkaidi na kumkalisha kwenye kibanda chao hadi mkutano ulipokwisha.

Ndani hatukujua lolote. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa anaongea vizuri, mdomo karibu na kipaza sauti, uso kwa ukumbi. Hapakuwa na sababu ya kurudia kitu. Hata hivyo mikono ya Mkalimani ilisimama. Alikigeukia kiti, na kwa mara ya kwanza hakutikisa kichwa. Alionekana kama mtu aliyeguswa na maji baridi.

"Kuna swali," alisema. "Anauliza nani yuko getini."

"Getini wako walinzi," mwenyekiti alijibu, na wachache wakacheka.

Alikigeukia kiti tena. "Anauliza tena."

"Mama, tuendelee tafadhali."

Tukaendelea. Tulipotoka tulimkuta fundi viatu kwenye benchi la walinzi, shati limelowa jasho, mikono yake imeshikwa na mlinzi mmoja ili asiipunge. Mkalimani alimbandua mlinzi yule vidole, kimoja kimoja. Baadaye nilirudi ukumbini peke yangu. Nilisimama pale alipokuwa amesimama. Dirisha linaloangalia geti lilikuwa nyuma yake, na pazia lilikuwa limefungwa.

Nilimuuliza kuhusu hilo wiki hiyohiyo, kwenye mgahawa wa samaki karibu na ufukwe. Tulikuwa tumeagiza sato na ugali, mchana kweupe, na upepo ulikuwa unatoka ziwani. Nilikaa vibaya, upande wake wa kulia. Nikaongea kwa kirefu juu ya geti, juu ya dirisha, na juu ya uso wake. Hakunijibu. Aliendelea kuchambua miiba. Nikadhani nimemkosea.

"Dada, umenikasirikia?"

Aliinua macho akaniona midomo ikitembea.

"Hamia huku," alisema, akinionyesha kiti cha kushoto. "Huko uliko hakuna mtu nyumbani."

Nikahama. Akaniambia, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza pilipili, kwamba kwao masikio huondoka mapema. Ya mama yake yaliondoka. Ya dada yake yaliondoka. Lugha ya alama alijifunza kwao, jikoni. "Mimi la kulia limeshafunga duka. La kushoto linapanga virago."

"Kwa hiyo maswali yote yale..."

"Ningesema mimi ndiye sikusikia? Nani angemwita tena mkalimani asiyesikia? Akiuliza wa kwenye kiti wanarudia. Tena kwa samahani."

"Umekuwa unawadanganya."

"Sijamdanganya mtu. Mimi ni mkalimani wa mtu aliyechelewa." Alisukuma sahani pembeni. "Nawazoesha, mdogo wangu. Wazoee kiti kiwepo. Wazoee mtu akisema rudia, wanarudia. Siku nitakapokuja kukaa pale mimi, nikute wameshazoea, nisianze kuomba. Ni hilo tu. Wazoee kabla hili la kushoto nalo halijafunga."

Nikamuuliza lile swali la getini.

Aliutazama mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa umelala mapajani kiganja juu, kama kawaida yake.

"Mdomo ulikuwa wangu," alisema. "Swali halikuwa langu."

Hatukulizungumza tena.

Nitasema ukweli: mpango wake ulifanikiwa. Aliufundisha ukumbi kupongeza kama viziwi wanavyopongeza, mikono yote juu, vidole vikitikiswa, bila sauti. Taasisi ililipenda jambo hilo kupita kiasi, likawa linapigwa picha kila mara. Ni ajabu kuliona kwa mara ya kwanza, ukumbi mzima wa watu wazima kimya, mikono imeinuliwa na kutetemeka kama majani, wamekielekea kiti kisicho na mtu.

Kisha wahudumu, bila kuagizwa, walianza kuweka chupa ya maji mbele yake. Wakati wa chakula sahani moja ilifunikwa na kuwekwa pembeni. Mama wa usafi alikuwa anabisha hodi kwenye mgongo wa kiti kabla ya kufagia chini yake. Msimu ambao wadudu wa ziwani waliingia kama moshi na kuvifunika viti vyote, kile kilibaki cheupe. Huenda ni kwa sababu ya feni. Na siku moja, mwisho wa mkutano, dada mmoja wa itifaki alipokwenda kuichukua ile chupa aliikuta imefunguliwa na maji yamefika nusu. Alilia. Nilizunguka kuuliza, kama kazi yangu inavyonifundisha, na kila niliyemuuliza alikuwa na mtu mwingine wa kumshuku, na hakuna aliyekiri.

Kilichomfurahisha Mkalimani siyo chupa. Kilichomfurahisha ni siku alipofika akakuta mgeni mmoja anataka kukaa pale, na dada wa itifaki, kabla yeye hajafungua mdomo, akamwambia yule mgeni, "Samahani, hapo pana mtu."

Alinishika mkono. Yeye, ambaye hakupenda kushikwa mkono.

"Umesikia?" aliniuliza. "Wanasema wenyewe sasa."

Sikio la kushoto lilifunga mwaka uliofuata. Alikwenda mwenyewe kwa Afisa Utawala akamwambia. Waliagana naye vizuri, kwa kitenge na keki na mikono juu. Akaomba jambo moja, amfundishe atakayemrithi. Mkalimani mpya alikuwa dada mwenye vidole vyepesi, aliyesomea kazi hiyo chuoni. Nilishuhudia somo la mwisho. Mkalimani alimsimamisha mahali pake, akamgeuza mabega, akamwonyesha kiti.

"Mtazame wa pale. Usiutazame ukumbi, utapotea."

Dada yule alitii.

Nilipita kwake Ilemela mara chache baada ya hapo. Redio ilikuwa mezani, imezimwa. Jirani yake wa chini ya jiwe aliniambia kwamba sasa usiku hawapati usingizi. Walizoea kelele zile, na ukimya wa nyumba ile ulikuwa unawafanya wainuke kusikiliza. Mkalimani alikuwa ananisoma midomo, na nikiongea haraka alinipa simu niandike. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka pasipostahili. Aliniambia atakwenda kwenye mkutano ujao wa wateja. Yeye ni mteja wa siku nyingi, ana haki yake. Hakuwaarifu. Alitaka aingie kama anavyoingia mtu yeyote.

Alikuja amevaa gauni la maua. Nilikuwa nimekaa mlangoni, na sikumtambua mara moja kwa sababu sikuwahi kumwona na rangi. Getini alisimama bila kuitwa, akawageukia walinzi, akawatazama midomo hadi walipomruhusu. Akapanda kwa mteremko wa vigae, akiviepa vyungu vya maua. Nilimwona akiingia ukumbini, akisimama, akitafuta. Kiti kilikuwepo. Kitambaa kilikuwa kipya, utepe umefungwa vizuri, na chupa ya maji ilikuwa mbele yake. Uso wake uliponikumbusha mtu anayeona taa ya nyumbani, ilibidi niangalie pembeni.

Alikwenda akashika mgongo wa kiti.

"Karibu sana, mama," alisema dada wa itifaki, mgeni kazini, ambaye hakuwahi kumwona. "Ila samahani, hapo pana mtu."

Mkalimani alikuwa anautazama mdomo wake. Najua aliisoma vizuri, hakuna sentensi aliyoizoea kuliko ile.

"Yuko wapi?" aliuliza, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. Watu waligeuka.

"Bado hajafika, mama."

Niliinuka. Aliniona, akaninyooshea kiganja: kaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uso wa siku ya geti. Aliachia kiti, akaenda kusimama ukutani, nyuma ya nguzo, maana nafasi nyingine hazikuwepo.

Mkalimani mpya alipanda jukwaani na gauni jeusi. Alikuwa mzuri, na mikono yake ilikuwa safi kuliko ya mwenzake. Aliipeleka yote kwenye kiti. Kutoka kwenye nguzo, Mkalimani aliinama huku na kule akitafuta upenyo, akipata nusu ya kiganja, nusu ya neno.

Mkurugenzi alitangaza habari njema. Kuanzia sasa wateja hawatahitaji kupanga foleni ofisini, huduma zote zitapatikana kwa kupiga simu. Namba ikaonekana ukutani, kubwa. Hiyo Mkalimani aliisoma. Alitoka nyuma ya nguzo akainua mkono, na kwa mkono mwingine akaanza kuuliza kwa alama. Mimi nilijua alama chache tu, lakini hiyo haikuhitaji shule: simu sikioni, kisha sikio, kisha kiganja kikifunga.

Wakati huohuo mkurugenzi alisema, "Tujipongeze." Na ukumbi wote ukainua mikono.

Mamia ya vidole yalitetemeka kimya. Mkono wake ulikuwa katikati ya hiyo, nikaupoteza hata mimi niliyekuwa nikiutazama. Jukwaani, mkalimani mpya alikigeukia kiti, akainamisha kichwa, akangoja kama alivyofundishwa. Alingoja kwa heshima, muda wa kutosha.

"Kutoka pale," alisema kwenye kipaza sauti, "hakuna swali."

Watu walipokwenda kula, ukumbi ulibaki sisi wawili. Nilimwandikia kwenye simu: kwa nini hukuwaambia ni wewe? Alisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Niwaambie nini?" Sauti yake iligonga kuta. "Kiti kipo. Maji yapo. Mkalimani yupo, tena mzuri. Kila kitu kipo." Akatabasamu kidogo. "Niliwazoesha mtu asiyekuwepo. Wamemzoea yeye."

Ndipo alipokikalia. Alikaa akiwa amelielekea jukwaa tupu, mikono yote miwili mapajani, viganja juu, na mwanga wa ziwa ukipita darini juu yake. Alikaa kama mtu anayesomewa kitu. Baadaye alifungua chupa, akanywa hadi nusu, akafunga kizibo, akairudisha palepale ilipokuwa.

Nikaandika: na ile ya kwanza, uliinywa wewe?

Alisoma mara mbili, akanirudishia simu.

"Mimi kazini sikuwahi kunywa maji," alisema. "Yanaleta haja, na mikono huwezi kuiacha jukwaani."

Akanyoosha utepe wa bluu, akanipa kiwiko, akaondoka. Dirishani niliona gauni la maua likishuka mteremko wa vigae, likipita pembeni ya vyungu, likitoka getini. Alisimama tena kuwageukia walinzi, ingawa safari hii hakuna aliyekuwa akimtazama.

Nyuma yangu dada wa itifaki alikuwa ameanza kukusanya chupa. Alipofika kwenye kile kiti alisimama. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akaishusha taratibu kama kitu kinachoweza kuamka.

"Njooni," aliwaita wenzake kwa sauti ya chini. "Njooni muone. Leo alikuja."